VITA VYA UTUMWA MAREKANI VILIKUWA VITA VYA KAZI NA MSHAHARA



Katika mikutano ya matawi yetu neno utumwa hutajwa mara nyingi. Mtu akicheleweshewa mshahara husimama akasema, "Sisi hapa ni watumwa." Hatumlaumu, maana uchungu anao yeye. Lakini twaona yafaa tuelezane utumwa wenyewe ulikuwa kitu gani, na hasa uliondoka kwa njia gani, katika nchi moja ambayo watu wake waliuana kwa ajili yake miaka minne, tangu 1861 hata 1865. Nchi hiyo ni Marekani. Vita vyenyewe vimeandikwa sana, na wapenda hadithi za majemadari wana vitabu vya kutosha. Sisi twataka kutazama mambo mawili: nani alikuwa akilipwa na nani hakulipwa kabla ya vita, na nani alipata nini baada yake.

Tuanze na nguo. Wazee wetu waliita kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi "merikani", na wengi walilitumia jina hilo bila kuuliza asili yake. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem, kisha ikapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi. Ilinunua pembe za ndovu, na mara nyingine ilinunua watu. Na pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini ya Marekani. Basi mtu mweusi aliyechuma pamba bila mshahara huko ng'ambo, na mtu mweusi aliyebadilishwa kwa nguo huku kwetu, walifungwa kwa uzi mmoja ingawa hawakujuana. Vita vilipoanza, merikani ikawa adimu katika maduka ya Unguja, na nguo za Uingereza, na baadaye za Bara Hindi, zikashika mahali pake.

Sasa tuseme juu ya sababu ya vita. Wako watu hata leo wanaosema kwamba vita vile havikuwa juu ya utumwa, ati vilikuwa juu ya haki za majimbo kujitawala. Sisi twawauliza: haki ya kufanya nini? Hapo hunyamaza. Wenyewe wa Kusini hawakunyamaza. Jimbo la Mississippi lilipojitenga mwezi wa Januari 1861 lilitangaza wazi kwamba msimamo wake umeshikamana na utumwa. Makamu wa rais wa serikali yao mpya, Alexander Stephens, alisimama mjini Savannah mwezi wa Machi mwaka huohuo akasema kwamba jiwe la msingi la serikali hiyo ni kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndio hali yake ya asili. Tena mabwana hao hawakujali haki za majimbo ya wenzao: mwaka 1850 walipata sheria ya kuwalazimisha watu wa Kaskazini kuwakamata watumwa waliotoroka, hata jimbo lenyewe likiwa halitaki.

Hesabu yasema vizuri kuliko maneno. Katika sensa ya 1860 Marekani ilikuwa na watu kama 31,000,000, na katika hao karibu 4,000,000 walikuwa watumwa. Pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya mali yote iliyouzwa nchi za nje. Kijana mwenye nguvu aliuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 1,000, wakati kibarua huru wa Kaskazini alipata kama dola moja kwa siku. Ukijumlisha bei za watumwa wote, mali hiyo ilikuwa kubwa kuliko viwanda na reli zote za nchi. Mtu mwenye mali namna hiyo haiachi kwa kuhubiriwa. Naye Abraham Lincoln, aliyechaguliwa Novemba 1860, hakuwa amesema ataondoa utumwa mahali ulipokuwa tayari. Alisema usienee katika nchi mpya za Magharibi. Hilo tu lilitosha. South Carolina ikajitenga tarehe 20 Desemba 1860, wengine wakafuata, na tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ikalia juu ya ngome ya Sumter.

Hapa yafaa tuulize habari za wafanyi kazi weupe wa Kusini, maana wengi wao hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Mwaka 1847 mafundi weupe wa kiwanda cha chuma cha Tredegar, mjini Richmond, waligoma wakikataa kazi yao kupewa watumwa. Mwenye kiwanda, Joseph Anderson, aliwafukuza, akaendelea na watumwa wake. Mafundi wale waliona sawasawa kwamba mtu asiyelipwa huvunja mshahara wa anayelipwa. Lakini waligoma juu ya mtumwa, hawakugoma juu ya utumwa. Walitaka yule mweusi aondoke karakana, hawakutaka alipwe. Kwa hiyo walishindwa, na miaka kumi na minne baadaye watu wa namna yao walipewa bunduki wakalinde mali ya waliowafukuza. Mwaka 1862 serikali ya Kusini ilitunga hata sheria ya kumsamehe mzungu mmoja asiende vitani katika kila shamba lenye watumwa ishirini au zaidi. Maskini hakuwa na watumwa ishirini. Alikwenda.

Jambo ambalo shuleni hatukufundishwa ni habari ya watumwa wenyewe. Tulisikia kwamba Lincoln aliwapa uhuru, kana kwamba walikaa wamekunja mikono wakingoja barua. Sivyo. Mwezi wa Mei 1861, vita vikiwa na majuma machache tu, watu watatu waliokuwa wakilazimishwa kuwajengea askari wa Kusini ngome walipanda mashua usiku wakaingia katika ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa Kaskazini. Majina yao ni Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory. Bwana wao alituma ofisa kuwadai. Jemadari Benjamin Butler, ambaye kabla ya vita alikuwa mwanasheria, alikataa kuwarudisha, akasema kwamba ikiwa Kusini wasema watu hawa ni mali, basi ni mali ya adui inayotumika vitani, naye ana haki ya kuishika. Ilikuwa hoja ya kijanja, wala haikuwa ya heshima sana. Lakini habari ilienea mashambani, na muda si muda watu walikuja kwa mamia, kisha kwa maelfu, na mwisho wa vita walikuwa mamia ya maelfu. Kila aliyeondoka aliacha jembe limelala, naye akashika jembe lingine upande wa pili. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya mambo hayo, aliuita mwendo huo mgomo mkuu. Wako wanaobishana naye juu ya neno hilo, kwa kuwa haukuwa na katibu wala mkutano. Sisi twakubaliana na Du Bois. Mtu anapoondoa mikono yake kazini ili masharti yabadilike, huyo amegoma.

Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 lilikuja baada ya miguu hiyo kutembea. Kisha watu weusi wakaandikwa jeshini, nao walifika karibu 180,000. Na hapo likazuka neno tunalolijua sote. Askari mweupe wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipewa dola 10, tena akakatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Risasi ilikuwa ileile. Askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walikataa kabisa kupokea mshahara huo. Walipigana bila senti moja zaidi ya mwaka, huku wake zao nyumbani wakiomba msaada. Katika kikosi cha 3 cha South Carolina, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake mwezi wa Novemba 1863 kuweka bunduki chini mbele ya hema ya kanali wao, wakisema hawatafanya kazi ya askari kwa mshahara usio wa askari. Alishtakiwa kwa uasi, na mwaka 1864 akapigwa risasi na jeshi hilohilo lililosemwa kuwa lapigania uhuru. Miezi michache baadaye, Juni 1864, Bunge la Marekani likapitisha mshahara sawa. Walker hakuupokea. Twaomba jina hilo likumbukwe katika matawi.

Wafanyi kazi wa nchi nyingine nao walipimwa. Pamba ilipokatika, viwanda vya Lancashire, Uingereza, vilifungwa na watu wakalala njaa. Matajiri wengine walitaka serikali yao iwasaidie Kusini ili pamba ije. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 mkutano wa wafanyi kazi mjini Manchester ulimwandikia Lincoln kwamba wako upande wa kuondoa utumwa, naye Lincoln akawajibu mwezi uliofuata kwa heshima kubwa, akijua wanachoteseka. Twafurahi kuyaandika hayo. Lakini tusifiche la pili: mwezi wa Julai 1863 katika mji wa New York vibarua weupe walikasirika kwa sababu mtu tajiri aliweza kulipa dola 300 asiandikwe jeshini. Hasira ilikuwa ya haki. Basi waliimwagia nani? Waliwawinda watu weusi mitaani, wakawatundika, wakachoma nyumba ya watoto yatima weusi. Walioweza kulipa dola 300 walikuwa wamejifungia majumbani mwao.

Vita vilikwisha mwezi wa Aprili 1865. Waliokufa hesabu ya zamani yasema 620,000, na hesabu mpya zapanda hata karibu 700,000 na kuzidi. Lincoln aliuawa mwezi huohuo. Tarehe 19 Juni Jemadari Gordon Granger alisoma amri mjini Galveston, Texas, na siku hiyo hata leo ni sikukuu huko. Wengi husherehekea sehemu ya kwanza ya amri, kwamba watumwa wote ni huru. Sisi watu wa chama tulisoma pia sehemu ya pili. Ilisema kwamba tangu sasa bwana na mtumwa ni mwajiri na mfanyi kazi, na kwamba walioachwa huru washauriwa kukaa kimya palepale walipo wafanye kazi kwa mshahara. Palepale! Kwa bwana yuleyule, juu ya shamba lilelile, bila kuambiwa mshahara ni kiasi gani wala nani atamshtaki asipolipa.

Kitu kilichoweza kubadili mambo kilikuwa ardhi. Mwezi wa Januari 1865 Jemadari William Sherman alikuwa ametoa amri kwamba mashamba ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida yaliyoachwa na mabwana wagawiwe watu walioachwa huru, kila jamaa hadi eka 40. Watu kama 40,000 wakaingia wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais mpya, Andrew Johnson, aliwasamehe mabwana wa zamani akawarudishia mashamba. Jemadari Oliver Howard alitumwa mwezi wa Oktoba kisiwani Edisto kuwaeleza wakulima hao, ndani ya kanisa, kwamba waondoke au wafanye mkataba na mwenye shamba. Watu walilia. Kisha wakachagua kamati ya watu watatu, wakaandika barua kwamba wameombwa kumsamehe mtu aliyewachapa, na kwamba asiye na ardhi atabaki chini ya huyo huyo daima. Hatujaona bado hoja ya kamati yoyote iliyo wazi kuliko hiyo. Haikuwasaidia. Na tukisema juu ya fidia: Serikali ya Marekani ilipowaacha huru watumwa wa mji wake mkuu mwaka 1862, ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, nazo zililipwa kwa bwana. Sheria iliyoondoa utumwa katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907 nayo iliweka fidia ya mabwana, na wengi walioachwa huru wakabaki maskwota.

Kisha zikaja sheria za kazi. Mwezi wa Novemba 1865 Mississippi ilitunga sheria kwamba kila mtu mweusi awe na barua ya kuonyesha kazi yake na makao yake kila mwezi wa Januari. Akiacha kazi kabla mkataba haujaisha, alipoteza mshahara wote aliokwisha kuutumikia mwaka ule, na mtu yeyote aliruhusiwa kumkamata na kumrudisha. Asiye na kazi aliitwa mzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa alikodishwa kwa atakayemlipia. South Carolina ilidai leseni ya dola 10 hadi 100 kwa mtu mweusi atakayefanya kazi nyingine isipokuwa kulima au kutumikia nyumbani. Wazee waliovaa kipande shingoni baada ya 1920, na waliofungwa kwa kutoroka kazini chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Twasema hivi bila kuficha: mkataba si uhuru ikiwa mmoja hawezi kuondoka. Leo dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba hutia sahihi karatasi, na wengi wamerudi wakisimulia jinsi pasi zao zilivyochukuliwa na mwajiri, wasiweze kubadili kazi wala kurudi kwao. Huo si utumwa wa sokoni, hatusemi hivyo. Lakini watu waliotunga sheria ya Mississippi wangeuelewa mpango huo mara moja.

Kwa muda mfupi mambo Marekani yalielekea kuwa mema. Tangu 1867 watu weusi wa Kusini walipiga kura, shule za serikali zikafunguliwa, na mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akaingia Seneti. Mwaka 1877 wakubwa wa Kaskazini walipatana na wa Kusini, askari wakaondolewa kazi ya ulinzi, na watu wa usiku wenye kofia na bunduki wakabaki na uwanja. Kura iliondolewa kwa ujanja, mathalan kodi ya kichwa ya dola 2 katika Mississippi mwaka 1890. Mkulima alilima nusu kwa nusu, akakopa mbegu na chakula katika duka la mwenye shamba, na mwisho wa mwaka daftari lilisema ana deni. Daftari alikuwa nalo nani? Mwenye duka.

Tena katiba iliyobadilishwa mwaka 1865 ilikataza utumwa isipokuwa kwa adhabu ya kosa, na mlango huo mdogo ulipitisha watu wengi. Majimbo yalikodisha wafungwa kwa makampuni ya reli na ya makaa ya mawe. Alabama haikuacha hata 1928. Mwaka 1891 huko Coal Creek, Tennessee, wachimba makaa walipoona wafungwa, wengi wao weusi, wameletwa kuchukua kazi zao, waliwatoa kambini wakawapakia treni wakawarudisha mjini. Walipoletwa tena, wachimba makaa hao, wengi wao weupe, walichoma kambi na kuwaacha wafungwa waende zao. Hatusemi kila mmoja alifanya hivyo kwa upendo. Lakini walikuwa wameelewa lile ambalo mafundi wa Tredegar hawakulielewa, na jimbo likaacha kukodisha wafungwa katika miaka ya 1890.

Weusi walipojaribu wenyewe, bei ilikuwa kubwa. Huko Elaine, Arkansas, wakulima wa nusu kwa nusu waliunda chama mwaka 1919. Walitaka bei ya haki ya pamba na hesabu iliyoandikwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba, wakiwa mkutanoni kanisani, risasi zililia na mzungu mmoja akafa. Siku zilizofuata makundi ya watu wenye silaha na hata askari wa serikali waliwaua weusi, na hesabu za wengi hutaja zaidi ya mia. Weusi kumi na wawili walihukumiwa kufa, wazee wa mahakama wakichukua dakika chache kuamua kila kesi. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kesi kama hiyo si kesi, na mwishowe wote wakatoka. Waliouawa hawakupata kesi.

Na sheria kubwa ya vyama vya wafanyi kazi ya Marekani, ya mwaka 1935, iliwaacha nje wafanyi kazi wa mashamba na watumishi wa nyumbani. Kusini wakati ule kazi hizo ndizo walizofanya watu weusi wengi. Wako nje ya sheria hiyo hata leo.

Karne moja na zaidi baada ya vita, mwezi wa Februari 1968, wazoa taka kama 1,300 wa mji wa Memphis, Tennessee, karibu wote weusi, waliacha kazi. Wenzao wawili walikuwa wamesagwa na lori la taka walipojificha mvua ndani yake. Walitaka mshahara, walitaka usalama, na walitaka mji ukitambue chama chao. Mabango yao yalisema maneno machache tu, kwamba kila mmoja wao ni mwanamume. Martin Luther King alikwenda kuwasaidia, akauawa huko tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 Aprili mji ulikubali nyongeza ya mshahara, na chama kikatambuliwa.